Mota ya mashine ya kufulia usiifunge jiwe la kunolea

*"Shikamoo fundi. Mimi ni seremala, nipo Morogoro, karakana yangu ni banda nyuma ya nyumba na umeme ni wa kawaida wa nyumbani. Nina mota tatu za zamani. Ya kwanza nimeitoa kwenye mashine ya kufulia ya mlango wa mbele. Ya pili ni ya pampu ya maji ya nusu HP ambayo nyumba yake ilipasuka. Ya tatu ni kubwa, HP 2, ya njia tatu (fezi tatu), nimeinunua kwa wauza vyuma chakavu. Nataka kutengeneza mashine ya kunolea patasi na visu vya randa, na msumeno wa meza wa diski ya inchi 10. Ile ya mashine ya kufulia, fundi redio aliniunganishia moja kwa moja kwenye umeme. Iliruka mezani, na sauti ikazidi kupanda mpaka nikachomoa plagi. Jirani anasema hiyo ndiyo yenye nguvu kuliko zote, nifunge jiwe la inchi 6 hapohapo kwenye shafti. Je, ni sawa? Na ile kubwa inaweza kufanya kazi bila umeme wa njia tatu? Naogopa kuziunguza, lakini naogopa zaidi kuumia."*

Marahaba, fundi mwenzangu. Jibu la swali la kwanza nalitanguliza: hapana. Usifunge jiwe kwenye mota ya mashine ya kufulia, liwe la inchi 6 au la inchi 4. Kama umeshalifunga, lifungue leo, kabla mtu mwingine wa nyumbani hajachomeka plagi kwa kutaka kuona tu. Mota ya pampu itakufaa sana kwa kunolea. Ile kubwa inaweza kukufaa kwa msumeno, lakini hilo linategemea kilichoandikwa kwenye kibati chake. Sasa nikueleze sababu, ili siku ukikutana na mota ya nne uamue mwenyewe.

"Sauti ikazidi kupanda." Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nikae chini nikuandikie kwa kirefu. Mota inayofaa kwa mashine za karakana huanza, hufika kwenye mwendo wake, kisha hutulia hapo. Yako haikutulia, na kama usingechomoa plagi ingeendelea kupanda. Watu wengi husikia ukelele ule wakadhani ni nguvu, kumbe ni mota isiyo na kitu cha kuizuia.

Hii mota yenye kaboni mbili zinazosugua kola ya shaba kwenye rota ni ndugu wa mota ya drili, ya blenda na ya grenda ya mkono. Umeme unaopita kwenye nyaya za nje zisizozunguka ndio huohuo unaoingia kwenye rota, kwa sababu vyote viwili vimeunganishwa kwa mfululizo. Rota inapozunguka katikati ya sumaku, nayo huzalisha umeme wake unaosukumana na ule unaotoka ukutani, na mota hutulia pale umeme huo wa kupinga unapokaribia kulingana na ule unaoingia. Ukiiachia bila mzigo, huvuta ampea chache. Ampea zikipungua, sumaku ya nje nayo hudhoofika, maana umeme ni uleule. Sumaku ikidhoofika, rota inalazimika kukimbia zaidi ili ifikie upinzani uleule, na ikikimbia zaidi ampea zinapungua tena. Hapo ndipo sauti inapopanda. Mwisho wake huwekwa na upepo na msuguano wa beringi, au na rota yenyewe kupasuka.

Ndani ya mashine ya kufulia jambo hilo halitokei, kwa sababu mbili. Kwanza, mota imefungwa mkanda kwenye ngoma nzito, na puli ya ngoma ni kubwa kuliko ya mota mara kumi au zaidi; ngoma ikizunguka mara 1,000 kwa dakika wakati wa kukamua nguo, mota yenyewe inazunguka mara 10,000 na zaidi. Pili, ukitazama mkiani mwa mota utaona kikoili kidogo chenye nyaya mbili nyembamba. Hicho hupima mwendo na kuupeleka kwenye bodi ya kudhibiti ya mashine, na bodi hiyo hupunguza umeme mota ikizidi. Fundi redio alipoiunganisha moja kwa moja alimwachia farasi bila hatamu.

Sasa tulete jiwe. Mawe ya kawaida ya mashine ya kunolea ya mezani mengi hutengenezwa kwa mwendo wa ukingo usiozidi mita 35 kwa sekunde. Kwa jiwe la milimita 150, ambayo ndiyo inchi 6 yako, hiyo ni kama mizunguko 4,450 kwa dakika, na utaikuta imechapwa kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa jiwe. Likizungushwa mara 12,000, ukingo wake unakwenda mita 94 kwa sekunde. Nguvu inayotaka kulipasua haikui sawasawa na mwendo; mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Kwa hesabu hiyo, jiwe lako lingevutwa kwa nguvu zaidi ya mara saba ya kile lililotengenezwa kuhimili. Na jiwe halipindi wala halionyi, linapasuka vipandevipande, na kila kipande kinaondoka na mwendo uleule.

Niliitwa mwaka mmoja kwenye karakana kuangalia mota iliyodaiwa kuungua. Mota ilikuwa nzima. Kilichopasuka ni jiwe, na kipande chake kilikuwa kimetoboa bati la paa. Mwenye mashine alipona kwa sababu alikuwa ameinama kuokota kisu chini ya meza. Sijawahi kulisahau lile tundu.

Najua swali linalofuata, kwa sababu huulizwa na kila mtu: mbona grenda ya mkono ina mota ya aina hiyohiyo, inapiga mizunguko 11,000, na diski haipasuki? Diski ya grenda si jiwe tupu. Ndani yake kuna wavu wa nyuzi za kioo, na hutengenezwa kwa mita 80 kwa sekunde. Ndiyo maana diski ya milimita 115 huandikwa 13,300. Na mota ya grenda daima huvuta giabox na feni yake, mtengenezaji akijua mwisho wa mwendo wake uko wapi. Kwa hiyo jirani yako hajakosea katika kila kitu. Kwa uzito wake, mota ya kufulia kweli ina nguvu nyingi. Alichokosea ni kudhani kwamba nguvu inatosha kuwa sababu ya kuichagua.

Je, haina kazi kabisa? Inayo, kama utapata bodi ya kuidhibiti inayosoma kile kikoili cha mkiani na kushikilia mwendo mota ikilemewa au ikiachiwa. Hapo unaweza kuendeshea mashine ndogo ya kukereza mbao kwa mkanda. Dimu ya taa haitoshi, kwa kuwa hupunguza umeme bila kujua mwendo: ukiweka chini, mota inakosa nguvu ukigusa mti, ukitoa mti, inakimbia tena. Tena mota hii iko wazi, feni yake inavuta hewa ya nje kupitia kwenye nyaya, na kaboni zake zinatoa cheche. Karakana yako imejaa vumbi la mbao. Mimi ningeiweka kando.

Sasa twende kwenye ile ya pampu, ambayo naona umeitaja kwa unyonge kama vile ndiyo dhaifu ya familia. Hiyo haina kaboni wala waya unaoingia kwenye rota. Nyaya za nje hutengeneza sumaku inayozunguka, na rota huifuata kama ng'ombe anayefuata kamba, nyuma kidogo, bila kuipita. Umeme wetu una hezi 50, kwa hiyo sumaku ya mota ya ncha mbili (sumaku yenye kaskazini moja na kusini moja) huzunguka mara 3,000 kwa dakika na rota huenda kama 2,850. Ya ncha nne, sumaku huzunguka mara 1,500 na rota kama 1,420. Ukiiachia bila mzigo inapanda kidogo tu kuelekea 3,000 na kubaki hapo hata ikae siku nzima. Ukiilemea inapungua kidogo na kuvuta ampea zaidi. Tabia hiyo ndiyo unayoitaka pale unapofunga kitu kinachoweza kupasuka. Pampu nyingi za nusu HP ni za ncha mbili, lakini soma kibati uhakikishe.

Nusu HP ni wati 370 hivi, na mashine nyingi za kunolea za jiwe la inchi 6 zina kati ya wati 250 na 370. Inatosha kabisa hapo. Jiwe lako kwa mizunguko 2,850 litakwenda mita 22 kwa sekunde, mbali na kikomo chake.

Kabla ya kuijenga, ikague. Kama pampu ilipasuka, huenda maji yaliingia ndani ya mota. Chomoa umeme, kisha gusisha ncha mbili za kapasita (kile kikopo kinachohifadhi chaji ya umeme) kwa rezista au balbu ya wati ndogo ili imwage chaji yake, maana kapasita huuma hata plagi ikiwa mfukoni mwako. Zungusha shafti kwa mkono. Ikikwaruza au ikicheza juu na chini, beringi zimekwisha. Namba yake imeandikwa ubavuni, mara nyingi ni 6201 au 6202 au jamaa zake. Nunua zenye kifuniko cha mpira pande zote mbili ili vumbi lisiingie. Unapotoa nyumba ya pampu iliyopasuka na ile feni ya maji, kuwa mwangalifu usitupe kile kikombe cha chuma kilichoshika beringi ya mbele. Wengi hukitupa wakidhani ni sehemu ya pampu, kisha rota inakosa pa kukalia.

Kapasita ikiwa imevimba au inavuja, badilisha kwa yenye maikrofaradi zilezile na volti 450. Usiongeze ukubwa kwa kudhani mota itapata nguvu, kwani utaunguza nyaya za upande wa kusaidia. Kisha mpelekee fundi wa kusuka mota aipime kwa mega (mita ya kupima insulesheni) ya volti 500, kati ya nyaya na bodi ya chuma. Mimi sikubali chini ya megaohmu 1, na mota nzuri iliyokauka hutoa nyingi kuliko hapo. Testa ya bisibisi au mita ya kawaida ya betri haiwezi kukupa jibu hili, kwa sababu insulesheni yenye unyevu inaweza kuonekana nzima kwa volti 9 na kuvuja kwa volti 230.

Jambo moja linalowatisha watu bure: mota ya njia moja huvuta ampea nyingi hata ikiwa haina kazi, pengine zaidi ya nusu ya zile za kwenye kibati. Si ugonjwa. Nayo ikipata joto kiasi cha kushindwa kuweka kiganja baada ya nusu saa ya kazi, hiyo peke yake haimaanishi inaungua. Wasiwasi uanze ukisikia harufu ya vanishi, au mlio ukibadilika kuwa mzito.

Usifunge jiwe moja kwa moja kwenye shafti ya pampu. Shafti hizo ni fupi, na patasi zako hazihitaji mwendo ule. Chuma cha kaboni kikipata joto na kugeuka bluu kimepoteza ugumu wake. Utanoa leo na kesho makali yamelala. Jenga shafti ya pembeni ya milimita 20, uikalishe kwenye pilo bloki mbili (beringi zenye nyumba ya chuma ya kufungia mezani) za UCP204, na uivute kwa mkanda. Puli ya mota ikiwa milimita 60 na ya jiwe milimita 120, mizunguko 2,850 inakuwa 1,425. Kwa mwendo huo chuma hupoa upesi na mkono wako unapata muda wa kufikiri. Kama mzunguko umekuja kinyume, usihangaike na nyaya. Igeuze mota nzima itazame upande wa pili. Uso wa jiwe unapaswa kushuka kuelekea kwenye kiegemeo, usipande kukutoka.

Jiwe lenyewe liheshimu. Lining'inize kwenye kidole au msumari, uligonge taratibu kwa mpini wa bisibisi wa mbao. Jiwe lililo zima hutoa mlio safi. Lenye ufa husikika kama chungu kilichopasuka, na hilo halina kazi tena hata kama umelinunua jana. Libane kati ya sahani mbili za chuma zinazolingana, zenye upana usiopungua theluthi ya jiwe, na usiibandue karatasi yake, maana hiyo ndiyo godoro linalosambaza mgandamizo. Weka kinga ya chuma nene inayolizunguka isipokuwa pale unapofanyia kazi, na kiegemeo kiwe karibu, milimita 3 tu. Ukiwasha, simama pembeni dakika moja kabla ya kusogea mbele. Kila siku, hata baada ya miaka.

Sasa mota kubwa. Swali lako ni kama inaweza kufanya kazi bila umeme wa njia tatu. Inaweza, lakini fungua kwanza boksi la nyaya na usome kibati. Unatafuta jozi ya volti. Ikiandikwa 230/400 au 220/380, una bahati: ikiunganishwa kwa delta (nyaya tatu zimefungwa kama pembetatu) inakubali volti 230 tulizo nazo. Ikiandikwa 400/690, delta yake inataka 400, na ukiipa 230 itazunguka kama mgonjwa. Hesabu pia ncha za nyaya. Zikitoka sita, unaweza kubadilisha kati ya stari (ncha tatu zimekutanishwa pamoja) na delta kwa vibati vya shaba. Zikitoka tatu tu, mara nyingi stari imefungiwa ndani, na kuzitafuta zile nyingine ni kazi ya fundi wa kusuka. Kibati kikiwa hakipo na mota imepakwa rangi mpya, hapo nakuwa na mashaka. Rangi mpya kwenye mota ya chakavu mara nyingi inaficha kitu. Pima nyaya zake tatu kwa mita: namba zikitofautiana kwa kiasi kinachoonekana, mojawapo imeungua kiasi.

Kama kibati ni kizuri, njia zako ni kadhaa na mafundi watakushauri kila mmoja ile anayoiuza. Wa mtaani watakuambia weka kapasita. Inawezekana, hesabu inayotumika ni kama maikrofaradi 70 kwa kila kilowati, kwa hiyo HP 2 yako ingehitaji karibu 105. Lakini mota itatoa takribani theluthi mbili ya nguvu yake na itaanza kwa unyonge. Kwa feni ya kuvutia vumbi ningekubali. Kwa msumeno unaoingia kwenye mninga mkavu, utakwama katikati ya ubao, na msumeno unaokwama ndio unaorusha ubao nyuma.

Mwingine atakuambia aisuke upya iwe ya njia moja. Naifanya kazi hiyo mwenyewe, na mara nyingi namkatalia mteja. Chuma cha ndani kimepangwa kwa njia tatu. Ukikisuka kwa moja unapoteza nguvu, unanunua waya wa shaba kwa kilo, unaongeza kapasita, na mwisho umelipa karibu sawa na kubadilishana na mota ya njia moja iliyo tayari.

Ninayoipenda ni inveta ya mota. Si ile ya sola. Hii huingiza umeme wa njia moja wa volti 230 na kutoa njia tatu za volti 230, na mota ikiwa kwenye delta inapata karibu nguvu yake yote, inaanza polepole bila kuzima taa za nyumba, na unaweza kurekebisha mwendo. Inunue yenye kilowati 1.5 au zaidi, na hakikisha imeandikwa wazi kuwa inapokea njia moja. Ikifanya kazi kwa nguvu zote itavuta kama ampea 15, kwa hiyo soketi ya kawaida ya ampea 13 haiifai. Vuta waya wake wa milimita za mraba 2.5 kutoka kwenye boksi la breka, usipite kwenye ekstensheni, na ifungie kwenye boksi lisiloingia vumbi ila lenye kupumua. Usiweke swichi kati ya inveta na mota. Washa na uzime kwa vitufe vya inveta yenyewe. Bei yake itauma. Kama haipo mfukoni mwaka huu, uza mota hii na utafute ya njia moja ya HP 2 yenye kapasita ya kuanzia, au subiri. Na kama una mpango wa kununua mashine ya randa baadaye, waulize TANESCO gharama ya kuletewa njia tatu kabla hujatumia fedha kwingine.

Diski ya inchi 10 huwa na kikomo cha mizunguko kilichochapwa juu yake. Kwa mizunguko 4,000 ukingo wake huenda mita 53 kwa sekunde, na hapo mti unakatwa safi. Kama mota ni ya ncha mbili, puli ya mota iwe kubwa mara 1.4 ya puli ya diski. Ya ncha nne itahitaji karibu mara tatu, na mkanda kwenye puli ndogo namna hiyo huteleza. Ningeiacha iende 3,000 na kidogo na nikate taratibu. Usiuwashe msumeno huo kabla ya kuweka kile kisu kinachosimama nyuma ya diski, kinachozuia mpasuo usijifunge na kuibana. Ubao mwingi unaomrukia seremala kifuani umetoka pale ambapo kisu hicho hakikuwepo.

Kuna jambo hukuliuliza na kwetu ni kubwa kuliko kote. Umeme unakatika. Uko katikati ya kukata, kimya, unaingiza mkono kutoa kipande kilichokwama, umesahau swichi. Umeme unarudi. Kwa sababu hiyo, mashine zako zote mbili ziwe na swichi inayojiachia umeme ukikatika na isiyowaka tena mpaka ubonyeze mwenyewe: kontakta (swichi ya sumaku) yenye kitufe cha kijani na chekundu, na ovalodi (kinga inayokata mota ikilemewa) iliyowekwa kwenye ampea za kibati. Breka ya ukutani inalinda waya, hailindi mota. Kwenye inveta, kontakta isikae kati yake na mota; tafuta ule mpangilio wa kujiwasha upya na uuzime.

Na jioni umeme ukiwa mdogo, acha kukata. Nguvu ya kuzungusha hushuka kwa mraba wa volti: ukipata 200 badala ya 230, robo ya nguvu imekwenda, na mota inavuta ampea zaidi kujaribu kuifidia. Mota nyingi ninazoletewa zimeungua namna hiyo, saa moja usiku, mwenyewe akimalizia oda ya mtu.

Kuna sehemu hupaswi kuzifanya peke yako, hata kwa maelezo yangu. Waya mpya kutoka boksi la breka, ethi ya banda na breka ya uvujaji ya miliampea 30 vifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, naye apime ethi, asiangalie tu kama waya upo. Ukigusa bodi ya mota ukahisi hata kutekenywa, zima na umwite. Usivae ndala ukaendelea. Vivyo hivyo breka ikianguka mara mbili bila sababu unayoiona, au shafti ya jiwe ikitetemeka baada ya kubadilisha beringi. Shafti iliyopinda inanyooshwa au kukerezwa upya kwenye karakana yenye mashine ya kukereza chuma, na ukiwa Morogoro chuo cha VETA hakiko mbali, ukaulize huko.

Anza na ile ya pampu, kwa kuwa mahitaji yake ni machache, na patasi zikishika makali kazi zako zitaanza kulipia inveta. Ile kubwa usiichomeke popote kwa sasa. Isugue kibati chake kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, si kwa msasa, kisha uniandikie yaliyoandikwa: volti, ampea, mizunguko, na idadi ya ncha ulizozikuta ndani ya boksi. Tutaendelea kutokea hapo.